Hivi kati yangu na televisheni, abiria ni nani?

Mkaa Dirishani

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya basi, nimesimama, mkono mmoja simu na mwingine bomba, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Kampuni siitaji. Hakuna haja. Nikisema "wale" mmeshaelewa. Wale ambao kila mmoja wenu humu aliapa hapandi tena, na wiki iliyofuata akaonekana kwenye foleni ya dirisha lao kajifunika kofia.

Tiketi nimekata mapema, kwa simu. Nikachagua mwenyewe kwenye ule mchoro wa viti: siti 17, dirishani, katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma, pale ambapo basi halirushi sana. Meseji ninayo. Jina lipo, namba ipo, saa ipo. Naingia, nakuta kwenye siti yangu kuna televisheni.

Narudia kwa wanaosoma haraka haraka. TELEVISHENI. Boksi la inchi zisizo na idadi, limesimamishwa wima dirishani, limekingwa na shuka lisichubuke, na limefungwa mkanda. Mimi tangu nianze kupanda basi za hao watu sijawahi kukuta mkanda unaofunga. Wa kwake unafunga.

Nikamwita konda kwa upole, si mnanijua humu sina makuu. Nikamwonyesha meseji. Hakuisoma. Basi zima limenyamaza linasikiliza, akaniangalia juu mpaka chini, akasema: "Kaka, hiyo inavunjika. Wewe huvunjiki."

Wakuu.

MIMI SIVUNJIKI.

Abiria wakacheka. Kuna mama mmoja siti ya mbele alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Dereva nilimwona kwenye kioo, mabega yanaruka. Nikaletewa ndoo nikae koridoni. Ndoo yenyewe ina ufa! Ndoo inavunjika, televisheni inavunjika, kwenye gari hili lote kitu kisichovunjika ni mimi peke yangu.

Na njia ina matuta. Kila tuta konda anageuka kuangalia nyuma. Roho inatulia, nasema angalau dhamiri inamsuta. Kumbe anauliza, "Iko salama hiyo?"

"Hiyo inavunjika, wewe huvunjiki." Yaani alivyoitamka, kwa utulivu kabisa, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Na msianze na "ungewahi". Niliwahi. Televisheni iliwahi zaidi.

Shangazi wa Pili

Pole sana mwanangu. Inchi ngapi lakini?

Kibao cha Stendi

Hapa naweka kambi. Mleta uzi usilale, tuletee kinachoendelea.

Mkaa Dirishani

Nitalalaje nimesimama?

Kibao cha Stendi

Kwani utavunjika?

Mchimba Dawa

😂😂😂 Kuanzia leo huyu ndugu jina lake Huvunjiki. Mods mbadilishieni akaunti.

Sina Chenji

Chai. Weka picha, tusiandikie mate. Mkanda wa basi upi huo unaofunga? Hapo ndipo ulipojichongea.

Mkaa Dirishani

Picha nipige na mkono gani, wa bomba? Halafu sikumalizia. Nilimwambia konda, ndugu yangu mimi nimelipa nauli. Akajibu, "Hata hiyo imelipiwa, tena kukuzidi." Kwa hiyo sivunjiki na ni wa bei rahisi.

Konda Mstaafu

Mtanitukana ila nitasema, maana kazi hiyo nimeifanya.

Kwanza, televisheni za siku hizi za kioo chembamba hazilazwi. Ukiilaza, kioo kinabaki kinaning'inia kwa uzito wake chenyewe, tuta moja tu kimepata ufa. Lazima isimame. Kwenye buti haiwezi kusimama, kuna magunia na mabegi na kwenye kona vyote vinahama upande mmoja. Kwenye kibebeo cha juu ya vichwa haiingii. Koridoni itakanyagwa. Inabaki siti. Konda kaongea ukweli mtupu, labda sauti tu ndiyo angeipunguza.

Pili, na hapa ndipo penye moyo wa jambo. Pesa yako ya simu inakwenda ofisini kwa tajiri moja kwa moja, konda haioni wala hainusi. Jioni anadaiwa hesabu yake. Mzigo wa mkononi, huo usio na risiti, ndio wanaogawana yeye, dereva na utingo. Sasa kati ya wewe uliyekuja na meseji na yule aliyekuja na boksi na noti, mteja wa konda ni nani?

Mkaa Dirishani

Mzee, nimekuja hapa kuhurumiwa, si kufundishwa kusafirisha runinga.

Mchimba Dawa

Huvunjiki tulia, umethibitishwa kitaalamu.

Bi Mipango

Tucheke ila tuseme ukweli, tatizo hapa si televisheni. Tatizo ni vitabu viwili. Wakala wa stendi ana kitabu chake cha karatasi na kalamu sikioni, simu ina mfumo wake, na havikutani mpaka basi linawasha moto. Siti moja inauzwa huku na inauzwa kule, anayekaa ni yule aliyetanguliza makalio. Mimi niliwahi kukuta siti yangu tayari ina watu wawili wanaigombania, nikaingia wa tatu na tiketi halali kuliko zao zote. Mnajua tuliamuliwaje? Tulishauriwa tupakatane.

Sina Chenji

Ukapakatwa au ukapakata?

Bi Mipango

Pumbavu.

Siti ya Nyuma Kabisa

Nyie wa siti 17 mnalalamika? Njooni kwetu. Ile siti ya watu watano nyuma kabisa, chini yake kuna injini. Moto unapanda kwenye miguu, na kwa kuwa tumekaa nyuma ya tairi, basi likiruka inchi moja huko mbele sisi huku tunaruka dhiraa. Jirani yangu alipiga kichwa darini, aliporudi chini akakuta siti yake imeshakaliwa.

Mtoto wa Reli

Ndiyo maana mimi nasema kila siku: treni. Siti yako, meza yako, unasimama unanyoosha miguu, choo kipo humo humo.

Abiria Mchovu

Treni gani? Isije ikawa ile ninayoijua mimi. Reli njia moja, mnaingizwa pembeni kwenye kistesheni kidogo mpishane na treni ya mizigo. Ya mizigo yenyewe haionekani. Hakuna tangazo, hakuna mtu wa kumuuliza, mmekaa mnaangaliana. Na behewa za zamani choo chake kinamwaga moja kwa moja relini, kwa hiyo treni ikisimama stesheni wanakifunga. Saa nzima nimekunja miguu naangalia mlango wa choo wenye kufuli, mabehewa ya sementi yanapita mbele yangu taratibu. Nikajua hapo nani mwenye reli.

Mtoto wa Reli

Ungeenda kabla haijasimama.

Abiria Mchovu

Kumbe kibofu nacho kina ratiba.

Mama Watatu

Bora wewe uliona choo. Sisi wa basi dereva anasimama porini, "dakika tano, wa kuchimba dawa wachimbe". Kichaka kimoja, abiria basi zima. Wanaume wao wanageukia popote wakamaliza. Mimi nina watoto, mmoja anataka, mmoja hataki, mmoja kashaanza. Kabla sijafika kichakani honi inalia. Sasa hivi nikiwa na safari kesho, maji naacha kunywa leo mchana. Na hilo nalo mtaniambia kitaalamu sivunjiki?

Kibao cha Stendi

Mama hapo nakuunga mkono. Huu ndio ulitakiwa uwe uzi.

Mkaa Dirishani

Jamani turudi kwenye mada. Konda kapita sasa hivi ameshika kitambaa, nikadhani anakuja kufuta jasho langu aombe radhi. Kafuta vumbi boksi. KAFUTA VUMBI BOKSI, kisha kwenye kurudi akaniambia nisiegemee.

Mdau wa Ughaibuni

Poleni ndugu zangu. Huku Ulaya kuna kanuni ya abiria wa mabasi, namba 181 ya mwaka 2011. Kwa safari ya kilomita 250 au zaidi, basi likichelewa kuondoka zaidi ya dakika 120, likifutwa, au wakiuza tiketi kuliko siti, lazima uchague mwenyewe: urudishiwe nauli au upelekwe kwa njia nyingine bila kuongezewa gharama. Wasipokupa huo uchaguzi, unawadai fidia ya nusu ya nauli juu yake. Treni nazo, ukifika umechelewa saa moja wanakurudishia robo, saa mbili nusu. Haki ya abiria si hisani.

Mchimba Dawa

Na ikikutwa televisheni kwenye siti yako, hiyo kanuni namba 181 inasemaje?

Mdau wa Ughaibuni

Itaangukia kwenye kuuza tiketi kuliko siti.

Mchimba Dawa

Kwa hiyo televisheni nayo itachagua kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Sawa.

Abiria Mchovu

Mdau usitutishe na Ulaya, tunasoma habari. Hapo Ujerumani treni ya masafa marefu ikichelewa chini ya dakika 6 inahesabiwa imefika kwa wakati. Na pamoja na huruma yote hiyo, mwaka 2024 zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu. Utamu zaidi: iliyofutwa kabisa haihesabiwi kuwa imechelewa. Yaani wakitaka takwimu zipendeze, wasilete treni.

Konda Mstaafu

Hilo wazo tajiri wangu angelipenda.

Mtoto wa Reli

Japani je? Tarehe 14 Novemba 2017 treni ya Tsukuba Express ilitakiwa kuondoka saa 3:44 asubuhi na sekunde 40, ikaondoka saa 3:44 na sekunde 20. Sekunde 20 tu kabla ya muda. Kampuni ikatoa tangazo kuomba radhi. Hakuna hata abiria aliyekuwa amelalamika.

Mama Watatu

Sekunde 20 huku kwetu ndiyo muda niliopewa wa kichaka.

Sina Chenji

Sisi huku basi la saa kumi na mbili likiondoka saa mbili, anayeomba radhi ni abiria, kwa kuuliza.

Mkaa Dirishani

Sioni mtu anazungumzia niliyotamkiwa. Mbele za watu. Nikiwa na meseji. "Wewe huvunjiki." Naomba angalau mtu mmoja aseme ni matusi.

Shangazi wa Pili

Ni matusi mwanangu. Hujaniambia inchi ngapi.

Mwenda Polepole

Nje ya mada kidogo. Siti 17 ni upande wa dereva au upande wa mlango? Kesho nasafiri, naelekea kaskazini, sitaki jua.

Siti ya Nyuma Kabisa

Upande wa dereva.

Bi Mipango

Inategemea basi. Kuna wanaoanzia kuhesabu mlangoni. Kwa basi la mbili kwa mbili, 17 lazima iwe dirishani, mstari wa tano, lakini upande ni wao wenyewe wanajua.

Konda Mstaafu

Sahau namba, angalia mnakoelekea. Kaskazini asubuhi jua liko kulia kwako, likishapita utosini linahamia kushoto. Kusini geuza. Safari ya kutwa kaa popote utakapo, kuungua utaungua, unachochagua ni kuungua asubuhi au alasiri. Mjanja anakaa kushoto asubuhi, kwenye kituo cha kula anaomba kubadilishana na mgeni wa njia.

Abiria Mchovu

Uongo. Mimi nilikaa kushoto asubuhi naenda kaskazini na likaniwaka kichwani.

Konda Mstaafu

Barabara si rula, kijana. Ikipinda na jua linapinda.

Mama Watatu

Na pazia? Mbona hamsemi pazia. Kila basi dirisha langu ndilo lisilo na pazia, au lipo na abiria wa mbele kalivutia kwake lote.

Kibao cha Stendi

Vita ya pazia ianzishiwe uzi wake, ni kubwa hiyo. Nina kovu.

Mkaa Dirishani

Nimefika. Televisheni imeteremshwa na watu wanne, konda kaipokea kwa mikono miwili, kamsainisha mwenyewe. Begi langu limerushwa kutoka kwenye buti. Ndani kulikuwa na chupa ya marashi. Nilidhani angalau hiyo wangejua inavunjika.

Mwenda Polepole

Pole mkuu. Konda Mstaafu, nikienda mashariki je?

Konda Mstaafu

Mashariki asubuhi anayeungua ni dereva. Wewe kaa nyuma yake, mgongo wake ndio pazia lako.

Mwenda Polepole

Nashukuru mzee. Na nikisafiri usiku?

Sina Chenji

Usiku jua halipo, ndugu.

Mwenda Polepole

Najua halipo. Nauliza nikae upande gani.