Mrejesho: Nimeisikiliza albamu ya kwanza ya Pat Metheny

Wakuu, salaam. Niliwauliza nianzie wapi kusikiliza gitaa la jazi, mimi niliyekulia kwenye rumba na muziki wa dansi. Wengi mlinielekeza Bright Size Life, albamu ya kwanza ya mpiga gitaa wa jazi Mmarekani, Pat Metheny. Nimeisikiliza kila usiku kwa wiki mbili, na nimerudi kuwashukuru.

Siku ya kwanza albamu hiyo iliniponyoka. Wapigaji ni watatu tu: gitaa la Metheny, besi ya Jaco Pastorius na ngoma za Bob Moses. Nikawa nangoja gitaa la pili liingie, kama tulivyozoea solo na rithimu kupokezana, wapi! Mkuu mmoja alikuwa ameniambia nifuate besi. Nikavaa spika za masikioni, nikamwacha Metheny, nikamfuata Jaco. Hapo ndipo masikio yalipofunguka. Besi yake haina vile vyuma vya kugawa shingo, kwa hiyo noti zinateleza kama sauti ya mtu. Haikai nyuma hata kidogo. Inajibizana na gitaa, inapanda, inaimba.

Gitaa la pili nilikuja kulikuta kwenye wimbo "Unity Village". Kumbe ni Metheny mwenyewe, amejirekodi mara mbili! Mke wangu huniomba niurudie.

Kinachonigusa zaidi ni umri. Walirekodi Ludwigsburg, Ujerumani, Desemba 1975, Metheny akiwa na miaka 21, na bado hana haraka. Anaiacha noti ipumue. Vijana wengi wakishika gitaa hukimbilia kasi.

Sasa nahangaika na wimbo wa mwisho, uliotungwa na mpiga saksofoni wa jazi Ornette Coleman. Huo bado unanipa kazi.