Karanga za Dodoma: mvua hakuna, kuvu inatoka wapi?

Tifutifu_Kongwa
Habari za majukumu wakuu. Mvua zilikata katikati ya Machi, karanga zikiwa bado zinajaza. Ardhi imekauka hadi inapasuka, na baada ya kung'olewa zimeanikwa wiki nzima. Mnunuzi kapima, kakuta sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu), kazikataa. Ninavyojua kuvu hutaka unyevu. Huku kwetu unyevu huo inaupata wapi? Na gunia 14 zilizobaki stoo, zenye maganda yake, nizifanyeje? Sakafu ni saruji, juu bati.

Jembe Halilali
Mkuu, hiyo si kuvu ya mkate uliolala. Hii inaitwa Aspergillus flavus, inaishi kwenye udongo na mabaki ya mazao, na joto la nyuzi 25 hadi 35 ndilo linaloinawirisha. Karanga nayo inakomaa humo humo udongoni. Ikiwa na maji ya kutosha, punje inatengeneza kemikali za kujikinga. Ukame ukibana wiki 3 hadi 6 za mwisho, na udongo ukafika nyuzi kama 30, kinga hiyo inakatika, ila maji kidogo yaliyobaki ndani ya punje bado yanaitosha kuvu. Mchwa wakishakwangua ganda, au lenyewe likapata ufa, imeingia. Yaani ukame ndio ulioileta. Jua la kuanikia linaisimamisha tu, sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki.

Kwa hiyo dawa ya msimu ujao inaanzia shambani: panda mapema mvua zikishika, chagua mbegu ya muda mfupi (Pendo inakomaa siku 90 hadi 100), na ziba mifereji kati ya matuta kila baada ya mita 2 au 3 ili maji yasikimbie. Kabla ya kuvuna, ng'oa mashina machache na umenye: ndani ya ganda kukiwa na rangi ya kahawia kwa maganda 7 kati ya 10, vuna. Ile tabia ya kungoja ardhi ilainike ndiyo inayoumiza wengi. Ukishang'oa, geuza mashina maganda yaangalie juu, kisha chambua maganda kwenye mashina, umalizie kuyaanika kwenye turubai, tabaka lisizidi sentimita 5. Udongo mtupu hapana, ndiko kuvu iliko.

Bambo na Mizani
Nijazie upande wa stoo. Karanga zihifadhiwe zikiwa na unyevu wa asilimia 7 au 8, mahindi 13. Kile kipimo cha chumvi kwenye chupa kavu (nafaka theluthi moja, chumvi kavu vijiko 2 au 3, tikisa, acha dakika 15) kinakuonyesha tu kama mahindi yamevuka asilimia 15. Kwa karanga hakikusaidii. Karanga itikise isikike ikigonga ganda, ukiisugua ngozi ichubuke, ukiivunja ikatike kwa mlio.

Bati lako ni tatizo. Mchana linapasha stoo na mvuke unatoka kwenye mazao. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Dodoma inaugeuza matone, yanaangukia gunia za juu. Acha upenyo wa hewa chini ya paa, weka chaga za mbao chini ya gunia, na gunia zisiguse ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, ila ukifungia mazao mabichi yatavunda.

Kosa kubwa kuliko yote: kunyunyizia maji ili karanga zibanguke kirahisi. Wiki nzima ya jua unaifuta kwa ndoo moja! Bangua zikiwa kavu, kidogo kidogo unavyouza.

Tifutifu_Kongwa
Nimewaelewa. Zikikaangwa sana? Au zile mbovu ziende kwa kuku?

Jembe Halilali
Moto wa jikoni hauvunji sumukuvu. Kuku itawadhuru, na ng'ombe akila sumu inatokea kwenye maziwa. Kukamua mafuta pia si ujanja, mashudu yanabaki na sumu nyingi. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hii, si jambo la kujaribia.

Bangua, kisha chambua kwa mkono: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizopasuka, ufukie. Sumu haikai sawasawa, punje chache zinaweza kuchafua gunia zima, ndiyo maana kuchambua kunapunguza sana. Lakini punje inayong'aa nayo inaweza kuwa nayo, hivyo pima upya.

Bambo na Mizani
Na ukipima, usichote juu ya gunia moja. Chota kidogo kila gunia, juu, katikati na chini, changanya, saga, ndipo utoe sampuli. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aina zote za aflatoksini zikijumlishwa, na 5 kwa aina ya B1 peke yake, iliyo kali kuliko zote. Zikizidi hapo, usile wala usiuze.

Tifutifu_Kongwa
Sawa wakuu. Naanza na bati.