Mafundi baiskeli mnaonyoosha ringi kwa nyundo, acheni kabisa!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu Jumapili na leo naitoa hapa, maana najua siko peke yangu.

Niko Ifakara. Huku baiskeli ndiyo miguu yetu: mpunga unatoka nayo shambani, binti anakwenda nayo shule, mgonjwa anafika nayo zahanati. Wiki iliyopita nilikuwa narudi na gunia la mpunga kwenye keria ya Phoenix yangu, nikampisha bodaboda, tairi la nyuma likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Baiskeli ikalala na gunia juu yake. Gurudumu linabeba mzigo mkubwa sana likiwa limesimama wima, ila ukilikandamiza ubavuni halistahimili. Nilipoinua baiskeli nikakuta limepiga nane, limekunjika kama ngozi iliyoanikwa juani.

Nikaikokota mpaka kwa fundi. Akaniambia, "Niachie bosi wangu, saa moja tu." Shilingi 7,000. Nikaenda sokoni. Niliporudi nikamkuta ameilaza ringi juu ya jiwe anaitwanga nyundo. Nikamuuliza, mdogo wangu, hivyo ndivyo inavyonyooshwa? Akasema chuma ni chuma, kinasikia nyundo. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunaniuma mpaka sasa.

Siku ya pili tu nasikia *ting*, spoku imekatika. Kabla sijafika nyumbani zimekatika nyingine mbili. Nikamrudia. Akanijibu mbele ya watu kwamba tatizo ni mzigo wangu, na kwamba ringi ilikuwa imeshakufa, ninunue mpya.

Nikarudi nyumbani, nikaitoa, nikavua tairi na tyubu, nikakaa nayo uani. Sasa sikilizeni nilichokikuta. Ringi ya nyuma ya baiskeli hizi ina matundu 40, ya mbele 32. Nikatoa zile tatu zilizokatika, nikahesabu zilizobaki: 34. Yaani fundi alinirudishia gurudumu lenye spoku 37, matundu matatu matupu, na yote matatu yamefuatana! Alizikata zilizomsumbua, hakuweka nyingine, akafunika na tairi. Nati za spoku kazikaza kwa koleo mpaka kona zote zimekuwa duara, spana haishiki tena. Na pale alipopiga nyundo pana kibonde kinachoingia ncha ya kidole.

Hicho kibonde ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu. Ringi iliyokunjika kwa kuanguka bado ina matumaini, kwa sababu imepinda taratibu, pande mbili zimeinuka na pande mbili zimeshuka. Inarudi. Ringi iliyobondwa hairudi, kwa kuwa hakuna spoku inayoweza kuvuta kibonde kikajaa. Aliyeniharibia ringi ni yule niliyempelekea aitengeneze.

Na nyie humu ndani mnanikera vilevile. Kila mtu akiuliza ringi iliyopinda anajibiwa "tupa", au "ikanyage kwa miguu itanyooka". Aliyeuliza hana hela ya kutupa. Mwelezeni ringi inashikwa na nini!

Inashikwa na spoku. Nusu zinavuta kwenda kulia mwa habu, kile kitovu cha gurudumu, nusu kushoto. Ringi inakaa katikati kwa sababu pande zote mbili zinavutana sawa. Kwa hiyo ukiikandamiza huku spoku zimekazwa, unapigana nazo. Kwanza zilegeze zote, kila moja mizunguko ileile, mpaka gurudumu lote liwe tepetepe. Kisha lilaze kwenye sakafu ya saruji. Sehemu mbili zitagusa chini, mbili zitakuwa juu. Zile zinazogusa ziwekee vipande vya mbao, zile zilizoinuka zikandamize kwa viganja, kidogo kidogo, unaachia unaangalia. Mimi ilinichukua karibu nusu saa, mke wangu ameshika upande mmoja. Ikalala chini bila kuyumba, isipokuwa palipopigwa nyundo.

Baada ya hapo nikairudisha kwenye fremu, baiskeli nimeigeuza kichwa chini. Nikafunga njiti ya chelewa kwenye fremu kwa kipande cha mpira, ncha yake ikikaribia ringi. Unazungusha polepole. Ringi ikija kugusa njiti, hapo ndipo ilipopindia. Ikiwa imekuja kulia, unakaza spoku za kushoto za mahali hapo na kulegeza za kulia kwa kipimo kilekile, robo mzunguko tu, halafu unazungusha tena. Wengi wanaharibu hapa kwa kukaza tu bila kulegeza. Mwishowe ringi inapanda upande mmoja kama yai. Na angalieni mwelekeo. Ukitazama nati kutokea upande wa tairi, kukaza ni kulia kama skrubu yoyote. Ukiitazama kutokea kwenye habu, inageuka kuwa kushoto. Kwenye baiskeli iliyopinduliwa ni rahisi sana kulegeza ukidhani unakaza.

Kitu kingine nilichojifunza usiku ule ni kuzisikiliza. Ukizigusa kwa ukucha zinalia. Za upande mmoja zikilia sauti inayokaribiana, mvuto uko sawa. Moja ikilia nyembamba mno peke yake, hiyo imekazwa kupita wenzake. Yule fundi angezigusa mara moja tu angejua alichofanya, kwa sababu zake zilikuwa zinalia kila moja na lake.

Muuza spea naye nina neno naye. Nilinunua spoku sita. Nikauliza, hizi ni za ringi ya nyuma ya inchi 28? Akasema zote sawa. Si sawa! Mbili zilikuwa ndefu, zikatokeza juu ya nati ndani ya ringi. Ningevalisha tyubu bila kuangalia, zingeitoboa siku hiyohiyo. Nikazisaga ncha kwa tupa mpaka zikalingana na nati. Nikamuuliza spana ya spoku, ile ndogo ya duara yenye mapengo, akaniambia siku hizi mafundi wanatumia koleo. Basi ndiyo maana!

Hali ya sasa: gurudumu linazunguka, halipigi nane tena, mwachano na njiti ni kama unene wa sarafu. Lakini kile kibonde kikifika kwenye breki zile za vyuma, kinagonga. Kila mzunguko, tak. Tak. Tak. Nimempa binti aende nayo shule bila mzigo, ila kupakia gunia siwezi, naogopa.

Fundi namtaka anirudishie 7,000 yangu na spoku tatu alizozikata, na nitamfuata kesho asubuhi kabla hajafungua kijiwe. Nanyi wengine, kama yupo hapa Ifakara, Mang'ula au hata Mikumi anayeuza ringi ya inchi 28 yenye matundu 40, chuma kizito na si hizi nyepesi zinazobonyea kwa kidole, aniandikie leo. Mpunga wangu bado uko shambani, na mawingu yameshafunga upande wa milimani.