Africa Twin ya 1998 uani Lubumbashi: nifunge masanduku na taa, au nitafute kwanza ugonjwa wa umeme?

Mwana-Kampemba ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mwezi uliopita nilinunua pikipiki ya safari ndefu, Honda Africa Twin XRV750 ya mwaka 1998, kwa mtu aliyeitumia miaka kadhaa nchini Zambia kisha akaivusha mwenyewe pale mpakani Kasumbalesa. Kipima mwendo kinaonyesha kilomita 61,000, injini inanguruma vizuri bila moshi, na tangi lake la lita 23 linanipa hakika ya kufika Kolwezi bila kuulizia mafuta njiani. Mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijaanza, nataka kwenda nayo hadi Mpulungu, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Zambia, mke wangu akiwa nyuma pamoja na mizigo yetu.

Kazi zote nataka kuzifanya mwenyewe chini ya mwembe wetu, kwa sababu mafundi wa mtaani, ambao ni hodari kwelikweli kwa pikipiki za teksi za cc 125, hawajaizoea hii; mmoja wao alifungua kifuniko cha ubavuni, akatazama kwa muda mrefu, akakifunga tena na kuniomba radhi. Ninazo spana zinazohitajika, mita ya kupimia umeme, na kitabu cha huduma cha Kifaransa. Jirani yangu mchomeleaji yuko tayari kunitengenezea masanduku mawili ya alumini ya lita 45 kila moja, na nimekwisha kununua taa mbili za nyongeza za wati 55 kila moja, pamoja na soketi ya kuchajia simu.

Shaka yangu ni hii. Asubuhi za baridi za mwezi huu wa Juni starta inazunguka kwa uvivu, na juma lililopita, nilipokuwa narudi kutoka Likasi usiku, niliona taa ya mbele ikififia kila niliposimama. Muuzaji aliniambia kwamba ni batri tu. Nilinunua batri mpya, ikafanya kazi vizuri siku nne, kisha uvivu ukarudi. Je, niendelee na masanduku na taa wakati natafuta sababu, au nisimame kwanza?

Fundi-Katuba amejibu:

Ndugu, simama kwanza. Batri mpya inayochoka baada ya siku nne haina kosa lolote, ila hailishwi. Wenye Africa Twin za umri huo wote wanakijua kifaa kiitwacho rektifaya, yaani kile kipande cha alumini chenye mapezi ambacho huupokea umeme wa koili za injini, huugeuza uwe wa kuchajia batri, na huuzuia usizidi kipimo. Umeme wa ziada hukitia joto, lakini walioisanifu pikipiki hii walikificha nyuma ya kifuniko cha ubavuni ambako upepo haufiki. Baada ya miaka zaidi ya 25 ya kuokwa namna hiyo, nashangaa zaidi kuona kilicho kizima kuliko kilichokufa.

Hata hivyo usikimbilie kukinunua, kwa maana nimewaona watu watatu hapa mjini waliobadilisha rektifaya isiyo na kosa na kuziacha nyaya mbovu palepale. Pima kwa utaratibu. Iache pikipiki ilale usiku mmoja, kisha asubuhi pima batri kabla ya kugusa ufunguo: iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 12.4 ujue ina njaa. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 5,000 kwa dakika huku taa zikiwaka, upime tena kwenye vichwa vya batri. Kipimo kizuri ni kati ya 13.8 na 14.5. Kikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na itaichemsha batri yako. Kisipofika hata 13.5, chaji haifiki inavyopaswa, na hapo ndipo uchunguzi unapoanza.

Fuata nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye injini hadi kwenye kiunganishi chao cha plastiki. Kabla ya kupima chochote, kitazame tu. Kikiwa kimegeuka rangi ya kahawa, au pini moja imezama katika plastiki iliyoyeyuka, huenda umeshapata jibu bila kutumia hata faranga moja. Kama ni kizima, kichomoe, weka mita kwenye umeme wa AC, washa injini, na upime waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa kwanza. Kwa mizunguko 5,000 utaona mara nyingi zaidi ya volti 50, lakini jambo la kuangalia hasa ni kwamba vipimo vitatu vifanane. Kisha zima injini, geuza mita kwenye omu, na uguse kila waya wa manjano pamoja na chuma cha injini: hapo haipaswi kuwapo njia yoyote ya umeme. Waya mmoja ukigusana na chuma, koili imeungua, na rektifaya mpya haitakusaidia.

Kuhusu taa zako, mbili za wati 55 ni wati 110, yaani karibu ampea 9 juu ya mzigo uliopo. Zirudishe dukani ikiwa bado unaweza, uchukue za ledi za wati 10 kila moja, ambazo hata zikiwaka zote mbili hazifiki ampea 2. Na zikifungwa, zipitie kwenye rele, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo: namba 30 ipokee waya kutoka batri, namba 87 ipeleke kwenye taa, namba 86 iamshwe na waya wa taa ndogo kupitia swichi yako, namba 85 iende kwenye chuma. Fyuzi ikae karibu kabisa na batri, shubiri moja hivi, si karibu na taa, kwa sababu waya uliokwaruzika katikati ya safari yake huwaka kabla ya fyuzi iliyo mbali kujua lolote.

Mpanda-Ngomo amejibu:

Nawasalimu kutoka Bukavu. Mwenzangu wa Katuba ameyamaliza ya umeme, nami nitasema juu ya masanduku, kwa sababu yangu yalinivunja mguu.

Nilikuwa nateremka mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola, matope ya mvua yakiwa yamefika kwenye spoki, na kama kila mtu afanyavyo pikipiki inapoanza kuteleza, niliteremsha mguu chini. Pikipiki ilisonga mbele, mguu ukabaki, na kona ya mbele ya sanduku langu la alumini, ambalo nilikuwa nimelisifia sana kwa ukubwa wake, ikanikuta nyuma ya muundi. Nililala majuma sita nikiwa na nafasi tele ya kufikiri juu ya lita 45.

Kwa hiyo, kabla jirani yako hajakata bati hata moja, chukua katoni mbili za biskuti, zikate kwa vipimo vya masanduku unayoyataka, uzifunge kwa kamba mahali pake. Keti na viatu vyako vya safari, weka mguu chini, kisha urudishe kisigino nyuma kama mtu anayesukuma gari. Katoni ikiguswa, iko mbele mno. Mke wako naye apande, aweke miguu kwenye vikanyagio vyake na akae hivyo robo saa nzima. Yeye ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu magoti. Utagundua pia kwamba ekzosi ya pikipiki hii imepanda juu upande wa kulia, kwa hiyo ama sanduku la kulia litakuwa jembamba kuliko la kushoto, ama pikipiki yote itakuwa pana kuliko usukani wake, jambo ambalo utalijutia kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa. Mimi sasa natumia lita 30 kushoto na chini ya hapo kulia, wala sipakii zaidi ya kilo 10 kila upande. Vitu vizito, kama spana na maji, viko chini na mbele ndani ya sanduku. Nguo ziko juu.

Fremu ya kubebea iwe ya bomba la chuma, ifungwe kwa bolti sehemu tatu kila upande, na nyuma, chini ya namba ya pikipiki, kuwe na bomba moja linalounganisha kulia na kushoto; bila bomba hilo pande mbili hutanuka kidogo kila shimo, mpaka siku chuma kinapochoka. Jirani yako asichomelee kitu chochote kwenye fremu ya pikipiki yenyewe. Fremu ya mizigo aichomelee chini, mbali na pikipiki. Na kama ni lazima ashike pointi moja ikiwa mahali pake ili vipimo visihame, achomoe kwanza batri na kile kisanduku cha CDI kinachoongoza cheche za injini.

Dada-wa-Ruashi amejibu:

Nami ninayo ya 1996, kwa hiyo naongeza machache ambayo wanaume hapo juu wameyaruka.

Oili iwe ile yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaoga katika oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina vitu vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, maana yake asubuhi kabla ya chai: milimita 0.15 za kuingiza, 0.20 za kutolea. Kila silinda ina valvu tatu na buji mbili (wenzetu wa Tanzania wanasema plagi), kwa hiyo nunua buji nne, si mbili kama alivyonunua mume wangu.

Pampu ya mafuta ndiyo itakayokutisha. Ndani yake kuna vigusio vidogo vinavyoliwa na cheche, na siku vinapochoka injini huzimika katikati ya barabara na tangi likiwa limejaa. Jifunze ilipo. Pigo dogo la mpini wa bisibisi mara nyingi huiamsha, na ikikataa kabisa, unganisha mpira wa mafuta moja kwa moja bila kupitia pampu. Mafuta yatateremka yenyewe hadi kwenye kabureta, mradi tangi lina mafuta ya kutosha. Mimi nimefika Likasi hivyo. Kichujio cha hewa kitazame kila jioni ukipita barabara yenye malori ya migodi, kwa maana vumbi letu jekundu ni laini kama unga na halina huruma na pistoni.

Tairi la mbele ni la inchi 21, na mpira wake wa ndani hutauona kwa wauzaji wa vifaa vya pikipiki za teksi. Beba wako. Kwa dharura unaweza hata kuukunja ukauingiza katika tairi la nyuma la inchi 17, lakini wa 17 hauwezi kamwe kwenda mbele.

Na swali moja kwako: pikipiki imetoka Zambia, ambako wanaendesha kushoto. Umeitazama taa yake ukutani?

Mwana-Kampemba ameandika tena, baada ya siku sita:

Nimepima yote kama nilivyoelekezwa. Batri baada ya kulala ilikuwa 12.2, na kwa mizunguko 5,000 ilifika 12.9 tu. Nilipofuata nyaya za manjano nilikikuta kiunganishi kimekuwa cheusi upande mmoja, na pini ya katikati ilitoka pamoja na kipande cha plastiki kama jino bovu. Vipimo vitatu vya koili vinafanana na hakuna unaogusana na chuma. Nilikikata kiunganishi chote, nikasafisha nyaya hadi shaba inayong'aa, nikaziunganisha kwa risasi ya kulehemu na kuzifunika kwa mirija ya kuzuia maji. Nikachaji batri usiku kucha, nikisaidiwa na jenereta ya jirani kwa sababu umeme ulikatika, na asubuhi kipimo kikawa 14.1. Starta sasa inazunguka bila kusitasita. Rektifaya nimeitoa nyuma ya kifuniko na kuifunga nje kwenye kibati kidogo, mahali inapopata upepo.

Taa za wati 55 zimerudi dukani, kwa hasara kidogo. Katoni za biskuti zilinigusa kisigino zote mbili, na mke wangu alishuka baada ya dakika tano akasema kwamba kwa masanduku hayo niende Mpulungu peke yangu, kwa hiyo tunashuka hadi lita 30.

Kuhusu swali la dada, niliisimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukuta wa jikoni, giza lilipoingia. Mwanga wa chini umenyooka upande wa kulia, kisha unapanda upande wa kushoto. Hiyo ina maana kwamba tangu mwezi uliopita nimekuwa nikiwamulika machoni watu wote wanaokuja mbele yangu?

Fundi-Katuba amejibu:

Ndiyo, na huenda mimi ni mmoja wao. Kioo hicho kimekatwa kwa ajili ya barabara za kushoto, ambako mwanga huinuka ukingoni. Kwetu, tunakoendesha kulia, upande huo ndio wa wanaokuja. Usikibadilishe, kwa kuwa Agosti utakihitaji hivyohivyo. Rudi kwenye ukuta wa jikoni, washa mwanga wa chini, na umwombe mtu afunike kioo kwa kiganja kidogokidogo hadi ile sehemu inayopanda ipotee ukutani. Weka alama hapo kwa kalamu, kisha bandika tepu nyeusi ya gundi isiyopitisha mwanga kwa umbo hilohilo. Ukifika Kasumbalesa, ibandue kabla ya kupanga foleni, uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku, kwa maana utaihitaji tena siku ya kurudi.