Naombeni ushauri: mdogo wangu anamwita baba kafiri

MwanaBirere
Habari za jioni wakubwa. Niko Goma, tumepanga Birere, naishi na mdogo wangu wa miaka 19. Mama alishafariki, baba yuko Bukavu. Tangu Ramadhani iishe kijana si yule. Hasali tena msikiti wa mtaa, anasema imamu ni murtadi, yaani ameuacha Uislamu, kwa kuwa alionekana ameketi na viongozi wa serikali. Juzi baba alipiga simu, akatoa salamu, mutoto akakataa kuitikia. Ati baba alipiga kura, na mwenye kupiga kura ameifanya katiba mungu wake. Baba huyo huyo aliyemfundisha Alhamdu kwa kiboko!
Usiku anaweka waya masikioni anasikiliza mawaidha ya mtu nisiyemjua. Swali langu ni moja tu: itikadi hii imetoka wapi, na nimjibu vipi? Mimi kwenye dini sina kina. Msinitukane tafadhali.

Chukudu_Bila_Breki
Muozeshe. Akianza kutafuta pesa ya makaa na unga wa fufu hatakumbuka nani ni kafiri.

Ustadh_Nyawera
Chukudu, mzaha wako weka pembeni. MwanaBirere, kumtoa Muislamu kwenye dini kwa sababu kama hizo ndiyo takfiri, na ni ugonjwa wa zamani. Makhawarij, kundi lililojitenga mwanzoni mwa Uislamu, walimkufurisha khalifa Sayyidna Ali kwa kukubali usuluhishi na mpinzani wake Muawiya, na mmoja wao akamuua katika mji wa Kufa, Iraki, mwaka 661. Kauli yao ilikuwa "hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu", ndiyo hiyo hiyo ya mdogo wako kuhusu kura. Ali aliwajibu kwamba ni neno la haki lililokusudiwa batili. Mpe hilo kwanza.
Takfiri ya siku hizi ina njia ndefu. Hassan al-Banna alianzisha Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu, kule Ismailia, Misri, mwaka 1928, kazi kubwa ikiwa mahubiri na siasa. Sayyid Qutb, mwandishi wa Ikhwani, akiwa gerezani kwa Rais Nasser, akafika mbali zaidi: jamii za Waislamu zenyewe zimerudi kwenye ujahili. Alinyongwa 1966. Waliomsoma si wote walioshika bunduki, ila walioishika wengi walimsoma. Warusi walipoingia Afghanistan 1979, Abdullah Azzam akaita vijana wa Kiarabu Peshawar, na hapo mwaka 1988 ikazaliwa al-Qaeda. Azzam alihubiri kutetea ardhi iliyovamiwa. Bin Laden akasema adui apigwe popote alipo, na mnajua yaliyotokea Nairobi na Dar es Salaam Agosti 1998: watu 224, wengi wao Waafrika wenzetu waliokuwa kwenye shughuli zao za siku. Zarqawi, kiongozi wa al-Qaeda kule Iraki, akaongeza Mashia na hata Wasuni wenzake kwenye orodha. Waliomrithi ndio waliotangaza ukhalifa Juni 2014 baada ya kuuteka Mosul. Mwaka huo huo maulama zaidi ya 120 walimwandikia Baghdadi, khalifa wao huyo, barua ya wazi kumkanusha, hoja kwa hoja. Muulize kijana: huyo wa kwenye simu amesoma kuliko hao wote?

Kasongo_Wetu (Lubumbashi)
Nyinyi watu wa Kivu mnanishangaza. Sisi Wamaniema Uislamu tumeupata Kasongo na Nyangwe tangu enzi za Tippu Tip, kabla ya Mbelgiji kutuwekea bendera. Babu yangu alikuwa muungwana wa kanzu na kofia, na jirani yake wa Kikatoliki ndiye aliyemchimbia kaburi. Hata hapa Lubumbashi karakana yangu ina vijana wa kila dini, saa sita tunakula bukari (ugali) sahani moja. Mlango wangu uko wazi kwa mtoto yeyote. Shida yenu ni malezi.

Mama_wa_Oicha
Malezi? Baba, kaa kimya kidogo.
Ustadh, darasa nimelisikia, asante. Sasa na mimi niseme. Oktoba 2014 mapanga ya waasi wa ADF yalipoanza upande wa Beni, hakuna aliyetuuliza habari za Qutb. Dada yangu ana shamba la kakao upande wa Mbau. Kakao ikiiva ndipo tunapoogopa zaidi, maana wanajua watu watakuwa shambani. Mwaka huu matunda yameiva mpaka yakageuka meusi juu ya mti, hakuna wa kuyapasua. Na wasiwadanganye kwamba wanawapigania Waislamu. Mei 2021 walimpiga risasi sheikh ndani ya msikiti Beni, kwenye sala ya jioni, naye alikuwa akiwakemea hadharani. Ukitaka kumjibu mdogo wako, mlete aongee na mimi.

Fundi_wa_Simu
Pole mama. MwanaBirere, unaomba historia lakini kuna kitu unaruka. Sauti hizo anatumiwa na nani? Ameahidiwa nini? Hawa hawachukui mtu kwa fatwa tupu.

MwanaBirere
Hilo halihusiani sana. Kuna rafiki alimpata kwenye simu. Amemwambia kuna kazi ya duka upande wa Komanda, na jioni masomo ya dini bure. Lakini mimi nimeuliza kuhusu itikadi.

Fundi_wa_Simu
HALIHUSIANI? Komanda ya Ituri, walikoua waumini kanisani Julai 2025? Wangapi wametoka msituni wakasimulia hivyo hivyo: kazi, masomo, nauli juu yetu. Nauli analipa nani?

Chukudu_Bila_Breki
Duka la Komanda linauza nini, majeneza?

MwanaBirere
Sawa. Nauli ilishatumwa, dola 120. Iliingia kwenye simu yangu kwa sababu laini yake haijasajiliwa. Aliniambia rafiki anamlipa deni. Nilipokuja kujua ukweli mwenye nyumba alikuwa mlangoni, nikalipa kodi. Nyinyi mnaohukumu, mnajua Goma ya leo? Benki zilifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoutwaa mji, kazi hakuna. Ningeacha tulale barabarani kwa heshima ya pesa ya wauaji?
Na mpango ninao. Nitamwambia pesa haikufika, nitavunja laini. Yule rafiki ataona kijana ni tapeli, ataachana naye.

Fundi_wa_Simu
Aliyetuma aliona jina lako kwenye skrini kabla hajabonyeza. Laini utavunja, jina je? Na kijana akiambiwa "tulishakulipia", deni hilo litamvuta kuliko mawaidha yote. Mwambie ukweli wewe, leo, kabla hajaambiwa na wao.

Afande_Mstaafu
Mimi nawasahihisha kidogo. Mnaongea kana kwamba hiki kitu kimeshuka kutoka Uarabuni. ADF ni ya Waganda. Mwaka 1995 watu wa Jamil Mukulu, waliotoka kwenye Tabligh, kundi la mahubiri la Uganda, waliungana na mabaki ya NALU, waasi wengine wa Uganda, kule Rwenzori, wakimpinga Museveni. Miaka mingi ilikuwa vita ya mpaka: mbao, dhahabu, ndoa na wenyeji. Mukulu alikamatwa Tanzania 2015, Musa Baluku akashika uongozi na kugeukia Dola la Kiislamu. Angalieni tarehe: Machi 2019 wale wa Syria wanapoteza Baghuz, kijiji chao cha mwisho. Aprili wanajitangazia shambulio karibu na Kamango, ati ni mkoa wao wa Afrika ya Kati. Waliofilisika kule walihitaji jina huku, na wa huku walihitaji pesa na bendera. Cabo Delgado kule Msumbiji waliwekwa chini ya mkoa huo huo kwanza.

Jicho_la_Kadutu
Mimi nimecheka tu. Jamani, hii ni TFC, kazi ya kuhitimu chuo! Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amekwama sura ya kwanza, "asili ya itikadi", kaja na mdogo wa kubuni ili Ustadh na Afande wamwandikie bure. Na kama si TFC ni mtu wa usalama anayetafuta majina. Angalieni, kutoka Goma kwenda Komanda kuna mstari wa vita katikati. Kijana atapita wapi na dola 120?

MwanaBirere
Atapita Uganda kama kila mtu. Bunagana, Kisoro, Kasese, anaingia Kasindi. Yule rafiki alimwandikia vituo vyote. TFC gani? Mimi hata sekondari sikumaliza.

Chukudu_Bila_Breki
Ustadh, umeshapewa alama ngapi?

Mama_wa_Oicha
Njia hiyo ipo, mimi mwenyewe nimeipita. Jicho, ukikosea utakuwa umemcheka mtu anayezika.

Jicho_la_Kadutu
Na nikipatia, mama, utakuwa umempa jasusi habari za dada yako na shamba lake. Kama ni kweli si aende kuripoti?

Afande_Mstaafu
Kuripoti kwa nani, Goma ya leo? Akimpeleka huku kwa M23 ataitwa mtu wa kule, akimpeleka kule kwa serikali ataitwa mtu wa huku. Kijana wa miaka 19 hatoki humo salama.

Ustadh_Nyawera
Mimi sitafuti alama. Imamu wa mtaa usimruke, hata kama kijana anamkufurisha. Na baba aambiwe, apande boti aje. Hawa kitu cha kwanza wanachokata ni baba, wakishamkata wanabaki wao. Vitambulisho vya kijana unavyo wewe?

MwanaBirere
Kadi yake ya mpiga kura ameichoma. Baba sijamwambia, ana presha. Nilifikiri kumtoa Goma kabisa, aende mbali akashike kazi ya mkono. Kasongo_Wetu, ulisema mlango uko wazi. Ni fundi mzuri wa kuchomelea. Nimlete?

Kasongo_Wetu (Lubumbashi)
Ndugu yangu, nilizungumza kwa ujumla. Karakana kwa sasa imejaa, na nina watoto wadogo nyumbani.

Mama_wa_Oicha
Ndiyo hayo malezi?

Kasongo_Wetu (Lubumbashi)
Mama, usinifunge mdomo. Haya, niandikie pembeni. Namba ya baba yenu nataka, nizungumze naye mimi, mzee kwa mzee. Na nauli ya kufika huku nani analipa?

Chukudu_Bila_Breki
Mwenye nyumba arudishe zile 120.