Je, kuna haja ya kutibu magego ya utoto ambayo yatang'oka baadaye?

Mama Imani, Umoja
Hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka minne, na magego yake mawili ya chini yameanza kutoboka. Mama mkwe anashikilia kwamba hayo ni meno ya maziwa, yatang'oka yenyewe, na kwamba kumpeleka kwa daktari ni kumtesa mtoto bure. Baba yake naye anaona afadhali fedha hizo ziwekwe akiba ya karo. Mtoto halii usiku, ila siku hizi anatafuna upande mmoja tu, na nyama huisukuma pembeni mwa sahani. Je, tungoje?

Daktari wa meno, Kayole
Mama Imani, tafadhali usingoje. Meno ya mbele ndiyo huanza kung'oka mtoto anapotimiza miaka 6 au 7, lakini magego hukaa hadi miaka 10 au hata 12, kwa hiyo binti yako bado atayahitaji kwa muda mrefu sana. Huko kutafuna upande mmoja na kukwepa nyama kwaweza kuwa ndiyo maumivu yenyewe, kwani mtoto wa umri huo mara nyingi hajui kuyaeleza. Tundu likifika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye mishipa, usaha waweza kujikusanya mzizini, karibu kabisa na jino la ukubwani linalojengeka chini yake. Na gego liking'olewa mapema, meno jirani huegemea pengo, na lile linalofuata likakosa nafasi ya kutokea.

Kuhusu karo, baba Imani afahamu kwamba kuziba tundu dogo ni nafuu kuliko kutibu kiini. Leo jioni mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako, inua mdomo wa juu, utazame pale ufizi unapokutana na meno. Ukiona mistari myeupe kama chaki, huo ni mwanzo wa kuoza, na hapo bado kunaweza kuzuiwa kwa dawa ya meno yenye floraidi na kwa kupunguza sukari.

Baba Tumaini, Embakasi
Daktari, sisi tunatumia maji ya kisima kirefu, na watoto wengi mtaani wana meno ya kahawia. Je, dawa yenye floraidi haitazidisha madoa?

Daktari wa meno, Kayole
Ndugu yangu, madoa hayo huletwa na floraidi inayomezwa kupita kiasi wakati meno yangali yanajengeka ndani ya taya, kama ilivyo kwa wengi huko Nakuru. Pimisha maji: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, tafuta maji mengine ya kunywa na ya kupikia uji, kwa maana kuchemsha hakuiondoi. Dawa ya meno usiiache, bali pima kiasi: punje ya mchele kwa mtoto asiyetimiza miaka 3, njegere moja kwa wa miaka 3 hadi 6, naye afundishwe kutema. Mswaki aushike mzazi, asubuhi na usiku, hadi mtoto afikishe miaka 7 au 8.

Mwalimu wa chekechea, South B
Naomba kuongeza hili. Karibu na miaka 6, gego la ukubwani huchomoza nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto, wakaliacha lioze. Mama Imani, mweleze mama mkwe kwa upole, na ikiwezekana mwende naye kliniki.