Muziki wa anga wa Berlin: uliuawa na mashine au na wenyewe?

Mtegasikio
Wadau, naleta mada. Ule muziki wa sintesaiza (ala za umeme zinazotengeneza sauti) wa Berlin Magharibi, wa kina Tangerine Dream, Klaus Schulze na Manuel Göttsching, ulipaa kweli katikati ya miaka ya 1970. Albamu ya Tangerine Dream, Phaedra ya 1974, ilifika namba 15 Uingereza, Rubycon ya 1975 ikafika namba 10, bila mtu kuimba hata neno moja. Miaka kumi baadaye wamebaki mashabiki wa kununua kwa mazoea. Mimi nasema kilichoua ni MIDI, ile njia ya kuunganisha ala za kielektroniki kwa waya, na sintesaiza za dijitali za 1983. Kuanzia hapo kila sauti ikawa safi kama sakafu ya hospitali. Anayepinga alete hoja.

Babu_Santuri
Napinga. Umeanza kuhesabu kwa kuchelewa. Peter Baumann aliondoka Tangerine Dream 1977, na 1978 wakatoa Cyclone yenye mwimbaji. MIDI ilikuwa bado miaka mitano. Schulze naye alitoa Dig It ya dijitali 1980 kwa hiari yake, hakushikiwa bunduki. Halafu tuambizane ukweli: muziki ambao mtu anabonyeza swichi, sikwensa (mashine ya kurudia nota zenyewe) inazungusha nota nane, yeye anakaa na sigara, ungeishi miaka mingapi?

FundiVoliti
Hapo kwenye "anabonyeza swichi" umenigusa pabaya, mzee wangu. Hayo mengine yatasubiri.

Sikwensa ya Moog 960, ya sintesaiza kubwa ya Moog, haina kumbukumbu. Ina safu tatu za nobu, nane kila safu. Kila nobu inatoa voliti yake na haijui nota ni nini, kwa hiyo unazisawazisha moja moja kwa sikio lako. Safu ya kwanza unaipeleka kwenye osileta, inayozalisha sauti. Ya pili unaipeleka kwenye kichujio, kinachokata sauti za juu, ili nota nyingine zing'ae na nyingine zizibe. Ya tatu inaweza kuamua urefu wa kila hatua. Ukitaka hatua 24 unaongeza moduli ya 962 inayopokezanisha safu. Ukigusa nobu siyo mbele ya watu, hakuna pa kuirudisha ila kwa sikio hilo hilo, huku mzunguko unaendelea.

Halafu osileta zenyewe. Voliti 1 ni oktava 1, lakini transista inayogeuza voliti kuwa sauti inahisi joto. Bila fidia, kila nyuzijoto 1 inakupotosha kama senti 4 kwa kila oktava unayokwenda mbali na nota uliyosawazishia, na senti 100 ndiyo nusutoni, yaani hatua ndogo kati ya nota mbili jirani. Taa za jukwaa zikipandisha joto nyuzi 5, ukiwa oktava 2 mbali, umepotoka senti 40. Hata mtoto anasikia. Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja: jozi ya transista zinazolingana, zimebanwa zigusane zipate joto moja, na rizista ambayo ukinzani wake unapanda takriban sehemu 3,300 kwa milioni kwa kila nyuzi. Na ukiwa nazo zote, bado unawasha mashine nusu saa hadi saa nzima kabla ya kusawazisha. Anayewasha na kusawazisha hapo hapo ataanza vizuri, atamaliza kama redio iliyopotea stesheni.

Huyo ndiye unayesema amekaa?

BintiMawimbi
Kaka Fundi, ushahidi uko ndani ya Phaedra yenyewe. Waliirekodi studio ya The Manor, Oxfordshire, Uingereza, mwishoni mwa 1973, na unasikia Moog ikiteleza kutoka kwenye sauti yake kadiri inavyopata joto. Wakaiacha hivyo hivyo. Kisha 2005 wakairekodi upya, kila nota imekaa pake. Wekeni zote mbili, sikilizeni pale sikwensa inapoingia. Ya zamani inapumua. Mpiga kanuni wa Unguja, ile ala ya nyuzi ya taarab, angeielewa habari hii haraka, maana anaishi na nyuzi zinazobadilika na unyevu.

Babu_Santuri
Mpiga kanuni anakaza nyuzi zake ndipo anapiga. Haziachi zilegee kisha akatuambia ndiyo uhai. Usiitie taarab humu kutetea hitilafu.

BintiMawimbi
Sikutetea hitilafu. Nimesema kuna mtu anasikiliza chombo chake muda wote. Soma kwanza, babu, ndipo ujibu.

Nusutoni
Lakini Schulze alikuwa na Moog tangu Irrlicht, 1972, kwa hiyo hoja ya swichi inamgusa tangu mwanzo.

Kasha_la_Kanda
Hapana, mkuu, umechapia. Irrlicht haina sintesaiza hata moja. Ni kinanda cha umeme alichokichokonoa, amplifaya mbovu, na kanda ya mazoezi ya okestra iliyopigwa kinyumenyume. Moog kubwa aliinunua baadaye kwa Florian Fricke wa kundi la Popol Vuh, ndiyo mnayoisikia kwenye Moondawn ya 1976.

Na hapa ndipo mnapokosea wote. Mnabishana sintesaiza, wakati nusu ya sauti ile ni mashine ya kanda. Inventions for Electric Guitar ya Göttsching, 1975, ni gitaa na mwangwi. Hesabu yake ni nyepesi: umbali kati ya kichwa cha kurekodi na cha kusoma, ugawe kwa mwendo wa kanda. Ukiwa na sentimita 4 na kanda inakwenda sentimita 19 kwa sekunde, mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.21. Punguza mwendo hadi 9.5 unapata 0.42.

Ukitaka mwangwi mrefu, weka mashine mbili. Ya kwanza inarekodi, kanda inavuka hewani, ya pili inasoma na kukunja. Zikiachana sentimita 190 kwenye mwendo wa 19 umepata sekunde 10. Kinachoharibika ni mvuto. Mashine ya pili ikivuta kwa nguvu, kanda inanyooka na sauti inayumba. Ikivuta kidogo, kanda inaning'inia na kuacha kichwa. Panga mashine kwa kimo kimoja. Sauti unayoirudisha kwenye ya kwanza ibaki chini kidogo ya ile iliyoingia, ikizidi unapata ukelele usiokoma. Na punguza besi kwenye njia ya kurudi, kwa sababu kila mzunguko unakula sauti za juu na kurundika mvumo chini. Mizunguko sita tu na umebaki na tope.

Mtegasikio
Narekebisha kauli basi. Sisemi waya wa MIDI. Nasema nobu ziliondoka. Yamaha DX7 ya 1983 ina vigezo zaidi ya 100 kwa kila sauti na kitelezi kimoja tu cha kuvibadilisha. Nani atafungua kichujio taratibu kwa dakika saba kwa kitelezi hicho? Hata kichujio chenyewe haina. Watu wakaishia kuchagua sauti za kiwandani.

Nusutoni
MIDI nayo inachelewa. Nota moja inakula karibu milisekunde 1, kwa hiyo ukipiga nota kumi kwa pamoja, ya mwisho inafika karibu milisekunde 9 nyuma ya ile ya kwanza.

FundiVoliti
Kweli, lakini kanda ilikuwa inayumba zaidi ya hapo na hakuna aliyelalamika. Hiyo si sababu ya kifo.

Babu_Santuri
Sababu niwape mimi. Santuri ilikuwa mkasi. Ukizidisha dakika 20 na kitu kwa upande mmoja, mifereji inabanana na sauti inabidi ishushwe. Schulze aliisukuma hadi dakika 30 kwenye Timewind, akafika ukutani. CD ilipokuja, ukuta ukaanguka. 1993 alitoa seti ya CD 10, na 2000 seti ya CD 50. Hamsini! Ninampenda Schulze kuliko wengi humu, na ndiyo maana naumia. Hakuna aliyembakishia mkasi.

Kasha_la_Kanda
E2-E4 ya Göttsching ni karibu saa nzima, ilirekodiwa mara moja tu Desemba 1981, na 1989 Waitaliano wakaijenga upya kuwa Sueño Latino, ikachezwa kwenye madisko. Urefu haukuiua.

Babu_Santuri
Hiyo moja nakupa. Fundi, nijibu kitu kimoja bila hasira. Wanapoweka sikwensa mbili, moja hatua 8 na nyingine 7, zinakutanaje tena?

FundiVoliti
Shikamoo, mzee, sasa tunaongea. Zinakutana baada ya hatua 56. Ukienda hatua 8 kwa sekunde, ni kila sekunde 7. Masharti mawili: zote zipokee mpigo kutoka chanzo kimoja cha saa, usiziache kila moja na saa yake, zitaachana ndani ya dakika. Na ile ya hatua 7 uichomekee waya kutoka hatua ya nane kwenda kwenye tundu la kurudi mwanzo. Watu wengi husahau huo waya, inazunguka nane, wanashangaa mbona hakuna kinachobadilika. Ukitaka kuchafua zaidi, badili ya pili iwe 5 katikati ya wimbo. Ni waya mmoja unauhamisha, ila uuhamishe kati ya mipigo.